Kuacha Mkorogo Ukiwa Umevuka 40: Mwongozo Kamili wa Kupita Wiki Zile Mbaya

Anayeacha mkorogo, yaani krimu za kujichubua, hurudi kwenye kopo siku ya 12 au hapo karibu. Nimeliona hilo saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, mara nyingi mpaka siku hizi nabashiri. Mama anaingia amejitanda kanga hadi puani, anangoja wateja wengine watoke, kisha anaifungua polepole. Uso umeiva, umevimba chini ya macho, kidevuni vipele vyenye usaha. "Niliacha kama ulivyoniambia. Ona sasa. Ngozi yangu imekataa." Jioni anapaka tena, siku mbili baadaye uso umetulia, na tangu hapo hasikii la mtu.

Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki ya pili itakuwa hivyo. Akadhani ule ndio uso wake halisi, umezeeka na kuharibika, na kwamba kopo ndilo lililokuwa likimsitiri.

Naandika nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza. Nilipaka miaka 9. Katika hiyo, miaka 4 nilikoroga mwenyewe na kuuza, kwenye ndoo ya lita 5, kwa mwiko uleule wa ugali. Nilianza nikiwa na miaka 38, baada ya kuona mikunjo pembeni mwa macho yangu kwenye picha ya harusi ya mdogo wangu. Niliacha mara 3 nikarudi. Ya nne ikashika, na tofauti yake na zile za kwanza ni maandalizi tu.

Hatua hizi nimeziandika kwa ajili ya mwanamke wa miaka 40 na kuendelea, kwa sababu ngozi ya umri huo hujirudishia polepole. Ngozi ya binti hujibadilisha kwa takriban wiki 4. Ya kwetu huchukua zaidi. Binti naye anaweza kuzifuata, atamaliza mapema kuliko sisi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

Usianze ukiwa na nusu ya vitu hivi ukisema vingine utanunua njiani. Siku uso ukiwaka hutatoka kwenda dukani.

- Mafuta ya mgando yasiyo na marashi, kopo kubwa. Ndiyo yatakayofanya kazi kubwa, na bei yake haitishi.
- Sabuni laini isiyo na harufu, ya glisarini au ile ya watoto wachanga. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo.
- Sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 au zaidi, ikipatikana yenye rangi ya udongo. Sababu ipo hatua ya 6.
- Pama pana, mwavuli na kanga mbili kuukuu za pamba. Mpya zina wanga na zinakwaruza.
- Vitambaa vinne laini vya pamba vya kulowesha. Shuka iliyochakaa ukiikata inatosha.
- Simu yenye kamera, na daftari.
- Mtu mmoja anayejua. Dada, binti yako, shoga yako. Atakuzuia siku ya 12.
- Kopo lenyewe la mkorogo. Usilitupe bado, utalihitaji hospitalini.

## Hatua ya 1: Jua unachoacha

Geuza kopo usome nyuma. Mengi ya makopo yanayouzwa huku yameandikwa Kifaransa, lakini majina ya kemikali hayabadiliki sana kutoka lugha hadi lugha. Tafuta matatu.

La kwanza ni hydroquinone. Hii huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikipakwa muda mrefu huleta mabaka meusi yenye ubluu mashavuni na pembeni mwa macho, yale ambayo mtu huyaongezea mkorogo ili yafutike, kumbe mkorogo ndio unaoyapika.

La pili ni steroidi. Tafuta clobetasol au betamethasone, mara nyingi kwenye vityubu vidogo. Ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa ya ngozi, kwa muda mfupi. Ukizipaka kila siku usoni hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara: mishipa inaonekana, ukigonga mlango unavilia damu, mapajani na mabegani michirizi. Ukija kupasuliwa, nyuzi hazishiki vizuri.

La tatu ni zebaki. Huandikwa mercury, mercure, calomel, mercurous chloride au Hg. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na haiishii kwako, kwani mtoto unayemlaza shavuni naye anaipata. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulikataza sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na Tanzania vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku. Usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Makopo bado yapo sokoni, chini ya meza.

Kama unachopaka ni cha kukorogewa, hakina karatasi wala jina, hesabu kwamba vyote vitatu vimo. Nasema hivyo nikijua nilichokuwa natia kwenye ndoo yangu: vityubu vya steroidi, losheni mbili za hydroquinone, mafuta ya karoti ya kupendezesha rangi, na krimu moja ya Asia ambayo hadi leo sijui ilikuwa na nini. Mteja akiuliza nilimjibu "ni mchanganyiko wa asili."

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kuandika daftarini: ninapaka nini, sehemu zipi za mwili, mara ngapi kwa siku, tangu mwaka gani.

## Hatua ya 2: Nenda kwa daktari na kopo mkononi

Najua hatua hii wengi mnairuka kwa aibu. Mimi niliiruka mara 3. Mara moja nilifika kabisa mbele ya nesi, akaniuliza usoni kumekuwaje, nikamwambia moshi wa mkaa. Akaniandikia dawa ya macho.

Aliyepaka steroidi mwili mzima kwa miezi mingi asiache ghafla bila daktari. Dawa ile hupenya hadi kwenye damu. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo ndizo hutengeneza steroidi ya mwili wako, zikiona inaletwa kutoka nje hulala. Ukikata siku moja, zinachelewa kuamka. Dalili zake ni uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu ukisimama, kutapika, hamu ya kula kupotea. Hiyo ni dharura, usiingoje ipite.

Daktari anaweza kukuhamishia kwenye steroidi hafifu na kupunguza siku kidogo kidogo. Ratiba hiyo ni yake, usiitunge wala usiazime ya jirani. Mwombe pia akupime presha, sukari na mkojo. Steroidi hupandisha viwili vya kwanza, na mkojo wenye povu pamoja na miguu kuvimba ni alama ya figo kuteseka.

Kigoma utaanzia kituo cha afya au hospitali ya Maweni, Tabora utaanzia hospitali ya Kitete. Mjamzito na anayenyonyesha waende wiki hiihii, wasingoje kumaliza kusoma.

Sentensi ya kusema ni hii, na ukiitoa mengine yanakuwa mepesi: "Nimepaka krimu ya kujichubua miaka kadhaa, kopo hili hapa, nataka kuacha."

## Hatua ya 3: Chagua tarehe

Usianze ndani ya miezi 3 kabla ya harusi, send-off au ubarikio unaokuhusu. Utavunjika. Hata mimi ningevunjika.

Akina mama wa dagaa kule Kibirizi huwa nawapa hesabu yao. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hutulia na kazi ya kuanika hupungua. Wiki mbaya ya kuacha hukaribia siku ya 10 na kuendelea. Basi anza kama siku 10 kabla ya mwezi mpevu, ili siku unazotaka kujificha ziangukie siku ambazo hata mchangani huhitajiki sana.

Asubuhi ya tarehe hiyo piga picha tatu: mbele, shavu la kulia, shavu la kushoto. Simama mlangoni, mwanga wa saa 2, bila kichujio cha simu. Piga na migongo ya mikono.

## Hatua ya 4: Siku 14 za kwanza, fanya machache

Kosa la kwanza la karibu kila mtu hapa ni kutafuta kitu cha *kubadilishia*. Ameacha mkorogo asubuhi, mchana kashaweka manjano na asali, jioni ndimu. Ngozi yako sasa hivi haina ukuta. Kila unachoweka kinaingia moja kwa moja.

Asubuhi: maji ya kawaida tu, bila sabuni. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage, ukiyayeyusha kwanza viganjani. Mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yasitoke. Ndiyo maana dakika 3 zina maana: ukichelewa unafungia ukavu.

Usiku: sabuni laini mara moja, suuza vizuri, rudia mafuta.

Ni hayo. Yanaonekana machache kwa mtu aliyezoea kupaka vitu vitano, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Usiguse hivi:

Ndimu na limao. Juisi yake ikikutana na jua juu ya ngozi huunguza, na baada ya kuunguza huacha weusi wa miezi.

Dawa ya meno, skrabu ya sukari, kujifukiza mvuke. Vyote vinakwangua au kuchochea damu kwenye ngozi ambayo tayari inawaka.

Sabuni za kienyeji za mawese. Mimi ni mtu wa Kigoma, sitaki kusikia mtu akiyasema vibaya mawese mezani kwangu, lakini sabuni yake ina ukali unaofaa mikono yenye grisi, na mafuta mabichi ya mawese usoni hupaka rangi ya chungwa mpaka kwenye foronya. Mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, vilevile, iache jikoni.

Sindano na vidonge vya "kung'arisha kutoka ndani" kwa anayetaka kuhama njia. Sindano isiyojulikana ilikotoka, inayochomwa na mtu asiye daktari wala nesi, ni hatari kuliko kopo ulilolikimbia.

Umefanikiwa ukifika siku ya 7 ukiwa umetumia vitu viwili tu usoni. Rangi usiitazame bado.

## Hatua ya 5: Siku ya 10 hadi wiki ya 6

Hapa ndipo mwongozo huu ulipozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Steroidi kila siku hubana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi na kuzima uvimbe wowote. Ndiyo siri ya ule "mng'ao". Ukiondoa, mishipa iliyobanwa miaka inafunguka yote kwa pamoja. Damu inajaa. Uso unaiva, unawaka, unavimba, unatoa vipele, kisha unabambuka magamba. Kwa wengine ni wiki chache, kwa aliyepaka miaka inaweza kuwa miezi, na huja kwa mawimbi: inatulia siku 4, inarudi siku 3, inatulia siku 6.

Usiku wangu wa 13 nililala nimekaa. Nikiweka shavu kwenye mto nilihisi kama nimepakwa pilipili kichaa. Binti yangu alikuwa na beseni la maji ya mtungini na vile vitambaa vinne. Anakamua kimoja, ananifunika uso mzima nibaki na matundu ya pua, tunasikiliza redio ya jirani, kikipata moto anabadilisha. Karibu saa 9 alfajiri nikamwambia aniletee kopo. Alikuwa amelificha kwa shangazi yake Ujiji, hakuniambia. Nilimtukana. Asubuhi uso ulikuwa umepungua uvimbe upande mmoja.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Lowesha kitambaa kwa maji safi ya baridi ya kawaida, kamua, funika dakika 10. Barafu usiweke, inaunguza ngozi nyembamba.
2. Ondoa kitambaa, paka mafuta ya mgando mara moja. Kitambaa bila mafuta baada yake hukausha zaidi.
3. Rudia hata mara 4 kwa siku.
4. Magamba usiyabandue. Kata kwa mkasi mdogo lile linaloning'inia tu.
5. Lala kichwa kikiwa juu kidogo, uvimbe wa asubuhi utapungua.
6. Jikoni punguza kukaa mbele ya jiko la mkaa. Moto wa usoni huchochea wimbi jipya. Siku hizo mwingine akaange migebuka.

Vipele vya usaha vikizidi, usijinunulie antibayotiki duka la dawa. Rudi kwa daktari yuleyule wa hatua ya 2. Zipo dawa zinazosaidia kipindi hiki, yeye ndiye wa kuchagua.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata homa, usaha unaosambaa haraka, jicho kufunga kwa uvimbe, au zile dalili za tezi nilizotaja.

Na usipake "kidogo tu ili nitulie". Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kubana mishipa tena, na hesabu inarudi siku ya kwanza. Mara ya 3 niliyoshindwa, nilishindwa kwa punje hiyo, siku ya 26.

Umefanikiwa vipi? Usijitazame kila saa. Kila Jumapili piga picha mlango uleule, saa ileile, ulinganishe na Jumapili iliyopita tu. Unachotafuta ni wimbi kuwa fupi kuliko lililotangulia. Uso bado utakuwa mbaya, lakini ukiona siku za kuwaka zimeshuka kutoka 5 hadi 3, kazi inaenda.

## Hatua ya 6: Jua

Ngozi nyeusi huja na mwavuli wake. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ndiyo sababu mwanamke wa kwetu wa miaka 55 mara nyingi ana mikunjo michache kuliko Mzungu wa umri wake. Tulichokuwa tunakifanya na mkorogo ni kuuza mwavuli ili tununue sura ya ujana. Nikilifikiria hilo huwa nacheka peke yangu, na si kicheko kizuri.

Rangi itarudi, lakini kwa miezi ya mwanzo uko uchi. Kigoma iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua la saa 4 hadi saa 10 ni kali mwaka mzima. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale, kwa hiyo anayeanika dagaa anaungua kutoka juu na kutoka chini. Pama peke yake haimtoshi. Mawingu ya masika yasikudanganye, miale mingi hupita.

Mavazi kwanza: pama pana, kanga iliyoshuka shingoni, mwavuli. Hivi havihitaji kurudiwa kila saa 2.

Sanskrini anza wiki ya 4 au pale uso utakapovumilia. Jaribu siku 3 nyuma ya sikio kwanza. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu kwa urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Wengi hupaka robo ya hiyo halafu wanasema haifanyi kazi. Rudia kila saa 2 ukiwa nje. Ile yenye rangi ya udongo ina oksidi ya chuma, inayozuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi yetu huchochea madoa meusi. Isiyo na rangi haiwezi hilo, na mara nyingi hutuacha na uso wa majivu.

Jambo moja naomba. Ipo sanskrini inayotengenezwa Moshi, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukiona mtu anakuuzia pembeni, usinunue. Sisi tumeutupa mwavuli wetu kwa hiari. Wao hawakuzaliwa nao.

Umefanikiwa kama Jumapili hadi Jumapili paji la uso, sehemu iliyofunikwa na pama, na mashavu vinazidi kukaribiana rangi.

## Hatua ya 7: Maneno ya watu

Utaambiwa umefubaa. Utaulizwa kama unaumwa, na atakayekuuliza kwa sauti kubwa zaidi ni yule mwenye uso wa machungwa na vifundo vyeusi vya vidole. Wa kikoba watakwambia umezeeka ghafla.

Kwa mwanamke aliyevuka 40 neno hilo la mwisho ndilo linalorudisha kopo mkononi. Binti hujichubua apendeze. Sisi wengi tulianza siku tuliyohisi hatuonekani tena. Mteja wangu mmoja wa miaka 51 aliniambia, "Nikiwa mweusi na mikunjo, mwanaume ananiamkia shikamoo." Nilikosa jibu siku ile. Sasa ninalo dogo: mwenye mkorogo hupewa shikamoo hiyohiyo, ila nyuma yake wanasema na mengine.

Andaa jibu moja fupi na ulirudie: "Niko kwenye dawa ya ngozi." Ni kweli, na hufunga mjadala. Usianze kuhubiria wengine waache, utajichosha na uso wako bado haujawa ushahidi.

## Hatua ya 8: Baada ya mwezi wa 3, madoa na mikunjo

Usiingie hatua hii kama bado unawaka.

Kinachobaki ni vitu viwili. Madoa ya kawaida, ya hudhurungi, hupungua yenyewe kwa kinga ya jua na muda. Ukitaka kuyaharakisha, muulize daktari au mfamasia kuhusu niacinamide au azelaic acid. Anza na kimoja, usiku, mara 2 kwa wiki. Mabaka yale yenye ubluu ni suala jingine. Ni ugonjwa mgumu, hauna krimu ya sokoni, na anayekuahidi kuufuta kwa wiki 2 anakuuzia ndoo nyingine.

Mikunjo. Hedhi ikikoma, ngozi hupoteza sehemu kubwa ya kolajeni yake, nyuzi zinazoishikilia, ndani ya miaka michache, hukonda na kukauka. Ni kazi ya homoni. Hata aliyelelewa kwa maziwa na asali ya Tabora haimkwepi. Losheni isiyo na marashi mara 2 kwa siku, kutovuta sigara na kukinga jua ndivyo vinavyofanya kazi ya kweli. Krimu za retinoidi husaidia kwa kiasi, lakini zinawasha na haziruhusiwi kwa mjamzito, kwa hiyo ni za mkono wa daktari, na si kabla ya mwezi wa 6 kwa ngozi iliyotoka kwenye steroidi.

Umefanikiwa ukigusa shavu likateleza bila kuvuta, na mkunjo upo palepale.

## Hatua ya 9: Kutupa kopo

Ukishamaliza na daktari, funga kopo kwa nguvu, liweke ndani ya mifuko miwili ya plastiki, fundo. Uliza kituo cha afya au afisa afya wa kata mahali pa kulipeleka. Usichome moto, zebaki ikichomwa huwa mvuke na mnaivuta nyumba nzima. Usimwage chooni wala ziwani. Samaki wa ziwa hilo ndio mboga ya jioni.

Taulo, foronya na mitandio uliyotumia kipindi cha mkorogo ifue kando na nguo za watoto, au iache kabisa.

Na usimpe mtu. Utaombwa.

## Ratiba ya kutarajia

Wiki ya 1 mtu hudhani ni rahisi. Wiki ya 2 hadi ya 6 umeshasoma. Mwezi wa 3 uso unakuwa na rangi mbilimbili, mweusi pembeni na mwekundu katikati. Kipindi hiki picha za Jumapili ndizo zitakazokushikilia. Mwezi wa 6 wengi hulingana rangi uso na shingo. Mishipa mashavuni na michirizi mapajani hupungua kuonekana, lakini michirizi haiondoki yote.

Mikono ndiyo huchelewa. Mimi ni mwaka wa 3 sasa. Uso na shingo ni rangi moja, mikunjo yangu ya macho imerudi yote na mingine imezaliwa. Vifundo viwili vya mkono wa kulia, kidole cha kati na cha pete, bado havijakubaliana na vingine.